Pikipiki mbili ndani ya njia moja: sheria za nchi jirani zinasemaje?

Katika barabara nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika si ajabu kuona pikipiki mbili zikienda sambamba ndani ya njia moja, madereva wake wakizungumza kwa sauti ya juu ili kuushinda mngurumo wa injini, huku abiria wao wakiwa wamekaa nyuma bila la kusema. Pengine dereva mmoja anamwelekeza mwenzake nyumbani kwa mteja. Pengine wanaulizana bei ya petroli, au wanasalimiana tu. Mazungumzo hayo huchukua dakika moja au mbili. Hata hivyo, ziko nchi ambako dakika hizo ni kosa la barabarani, ziko nchi ambako ni ruhusa iliyoandikwa katika sheria, na ziko nchi ambako jibu hutegemea namna dereva alivyoendesha na madhara aliyoyasababisha.

Tofauti hizo haziwahusu wanasheria peke yao. Dereva wa bodaboda anayefanya kazi karibu na mpaka, mfanyabiashara anayekwenda nchi jirani kwa pikipiki, kijana aliyehamia Afrika Kusini na kupata kazi ya kupeleka chakula majumbani, pamoja na abiria anayelipa nauli, wote zinawagusa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.19 hufariki dunia kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na zaidi ya asilimia 20 ya vifo hivyo ni vya watu waliokuwa kwenye vyombo vya moto vya magurudumu mawili na matatu.

Mambo matatu yasiyofanana

Mjadala kuhusu suala hili huharibika mapema kwa sababu mambo matatu tofauti huzungumzwa kana kwamba ni jambo moja.

La kwanza ni kwenda sambamba. Hapa pikipiki mbili au zaidi huenda bega kwa bega, gurudumu la mbele la moja likiwa usawa wa gurudumu la mbele la nyingine, ndani ya njia iliyokusudiwa safu moja ya magari.

La pili ni kupenya. Hapa pikipiki hupita katikati ya safu mbili za magari yaliyosimama au yanayojikongoja kwenye foleni. Pikipiki haigawani nafasi na pikipiki mwenzake, bali na magari, na mara nyingi iko juu ya mstari unaotenganisha njia mbili au karibu nao.

La tatu ni mpangilio wa kupishana. Dereva wa kwanza hushika upande mmoja wa njia, wa pili hushika upande wa pili lakini hubaki nyuma kwa muda wa takriban sekunde moja, wa tatu hurudi upande wa yule wa kwanza, na kuendelea hivyo. Kwa mbali kundi hilo huonekana kama safu mbili, ila hakuna dereva aliye ubavuni mwa mwenzake.

Nchi moja inaweza kukataza la kwanza na kunyamaza juu ya la pili. Nyingine inaweza kuruhusu la kwanza na kuliadhibu la pili. Dereva anayesikia kwamba mahali fulani “pikipiki zinaruhusiwa kugawana njia” hana budi kuuliza kwanza ni jambo gani kati ya hayo matatu linalozungumzwa.

Afrika Kusini: mmoja nyuma ya mwingine

Nchini Afrika Kusini jibu limeandikwa waziwazi. Sheria ya Taifa ya Trafiki Barabarani, Namba 93 ya mwaka 1996, inafafanuliwa na kanuni za mwaka 2000, na Kanuni ya 309 inahusu wajibu wa waendesha pikipiki. Kanuni hiyo inaagiza kwamba watu wanaoendesha pikipiki katika barabara ya umma waende kwa mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwingine, isipokuwa wakati pikipiki moja inapoipita nyingine. Askari wa usalama barabarani walio kazini hawabanwi na agizo hilo.

Kanuni hiyo haikuishia hapo. Inakataza pia waendesha pikipiki wawili au zaidi kulipita gari jingine kwa wakati mmoja. Sababu ya katazo hili si ngumu kuielewa. Dereva wa kwanza anayetoka kulipita lori huwa ameona kwamba mbele ni peupe. Wa pili anayemfuata ubavuni au mgongoni mara nyingi hakuona kitu. Amemwamini mwenzake tu. Gari likitokea upande wa mbele, wa kwanza anaweza kuwahi kurudi kwenye njia yake, ilhali wa pili hana pa kurudi, kwa kuwa nafasi imekwisha chukuliwa.

Liko sharti moja ambalo husahaulika. Barabara ikiwa imegawanywa katika njia kadhaa, kila njia huhesabiwa kuwa barabara yake yenyewe kwa madhumuni ya agizo hilo. Maana yake ni kwamba pikipiki mbili zilizo katika njia mbili tofauti zinazoelekea upande mmoja hazivunji kanuni, hata kama ziko usawa mmoja. Kinachokatazwa ni kubanana ndani ya njia ile ile.

Kanuni hiyo hiyo inamtaka dereva awe na angalau mkono mmoja kwenye usukani, inamkataza kushika gari jingine lililo katika mwendo, na inataka magurudumu yote yabaki chini wakati wote. Haikutaja kwa jina suala la kupenya kati ya magari kwenye foleni. Waendesha baiskeli nao, katika Kanuni ya 311, wameagizwa kwenda kwa mstari mmoja.

Afrika Mashariki: kosa hupimwa kwa uendeshaji

Katika nchi za Afrika Mashariki zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, mizizi ya sheria za barabarani ni mamoja. Kenya ina Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Na Uganda ina Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998. Zote zinatambua kosa la kuendesha bila uangalifu na kosa zito zaidi la kuendesha kwa hatari.

Kwa mfano, sheria ya Kenya katika Kifungu cha 49 humshika dereva anayeendesha bila uangalifu au bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara. Kifungu cha 47 kinahusu kuendesha kwa namna ya hatari, na Kifungu cha 46 kinahusu kusababisha kifo, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 10. Kifungu cha 103B kinawahusu waendesha pikipiki moja kwa moja: dereva na abiria wavae vifaa vya kujikinga, na abiria asizidi mmoja.

Kwa hiyo dereva anayejitetea kwa kusema kwamba hakuna mahali palipoandikwa “msiende wawili sambamba” hajajiondoa hatarini. Mahakama haitafuti maneno hayo peke yake. Hutazama kama dereva mwenye busara angefanya vile katika barabara ile, kwa mwendo ule, akiwa na abiria yule nyuma yake. Kupiga soga bega kwa bega huku magari yaliyo nyuma yakishindwa kupita, au kumziba mwenzako asiweze kulikwepa shimo, ni mwenendo ambao mwendesha mashtaka anaweza kuuweka chini ya kosa la kukosa uangalifu bila kuhitaji kifungu kingine.

Hali ni hiyo hiyo katika madai ya fidia. Mahakama za Kenya, zinapoamua kesi za ajali, hugawa lawama kwa asilimia baina ya wahusika. Mwendesha pikipiki aliyegongwa na gari anaweza kuwa na haki, lakini ikithibitika kwamba alikuwa amebanana na mwenzake bila sababu, sehemu ya lawama huweza kumrudia, na fidia yake ikapungua kwa kiasi hicho.

Nchi zinazoruhusu, na masharti yake

Nje ya Afrika ziko nchi zilizochagua njia nyingine, na mifano mitatu inaonyesha kwamba hata pale penye ruhusa hapakosi mpaka.

Australia ni mfano wa kwanza. Kanuni ya 151 ya kanuni za barabarani za nchi hiyo inawahusu waendesha pikipiki na baiskeli kwa pamoja. Katika barabara isiyogawanywa katika njia kadhaa, dereva haruhusiwi kuwa sambamba na zaidi ya mwenzake mmoja, isipokuwa anapopita. Na wakiwa sambamba, umbali kati yao usizidi mita 1.5. Kwa hiyo wawili wanaruhusiwa ila hawaruhusiwi kutawanyika na kuimeza barabara nzima.

Nchini Marekani kila jimbo lina sheria yake, lakini majimbo mengi yanafuata kanuni zinazokaribiana. Sheria ya jimbo la Arizona ni kielelezo kizuri. Inasema kwamba pikipiki ina haki ya kutumia upana wote wa njia, na gari haliruhusiwi kuinyima haki hiyo. Papo hapo inaruhusu pikipiki mbili kwenda sambamba ndani ya njia moja, na inakataza tatu. Kwa muda mrefu sheria hiyo iliruhusu kwenda sambamba huku ikikataza kupita kati ya magari. Mwaka 2022 jimbo hilo lililegeza kidogo: pikipiki inaweza kupenya kati ya magari yaliyosimama, mradi mwendo wake usizidi maili 15 kwa saa, yaani takriban kilomita 24, na barabara iwe na njia mbili au zaidi za upande mmoja na kikomo cha mwendo kisichozidi maili 45 kwa saa.

Ubelgiji imechagua mpangilio wa kupishana. Kanuni zake za barabarani zinasema kwamba waendesha pikipiki wanaosafiri kwa kundi si lazima wafuatane kwa mstari mmoja. Katika barabara yenye njia zilizochorwa wanaweza kwenda kwa safu mbili zinazopishana, wakiacha umbali wa kutosha baina yao. Pale ambapo barabara haina njia zilizochorwa, kundi haliruhusiwi kuvuka nusu ya upana wa barabara.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu trafiki barabarani, ambao Afrika Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Kenya ni miongoni mwa wanachama wake, unazipa nchi uhuru katika Ibara ya 27 wa kutowakataza waendesha baiskeli kwenda wawili au zaidi sambamba. Uhuru huo umetajwa kwa baiskeli. Kwa pikipiki, ibara hiyo hiyo inasisitiza kuushika usukani kwa mikono miwili, isipokuwa dereva anapotoa ishara.

Hesabu ya nafasi

Sababu ya masharti haya yote inaweza kupimwa kwa futi ya fundi. Njia nzuri ya barabara kuu huwa na upana wa takriban mita 3.5. Usukani wa pikipiki ya kawaida ya bodaboda una upana unaokaribia sentimita 80. Pikipiki mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu huchukua mita 1.6, na mita 1.9 zinazobaki hugawanywa mara tatu: upande wa kushoto, katikati na upande wa kulia. Kila upande hupata zaidi kidogo ya sentimita 60, na hiyo ni kwa barabara nzuri isiyomeguka kingo. Akiwapo abiria aliyepanua magoti, au mzigo wa madumu ya maziwa, au mtungi wa gesi uliofungwa ubavuni, nafasi hiyo hupungua zaidi.

Mwendo nao una hesabu yake. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 katika sekunde moja. Dereva anayegeuza shingo kumjibu mwenzake kwa sekunde moja tu amekwenda mita 17 bila kuangalia mbele. Shimo likitokea, mbuzi akikatiza, au mwenzake akichepuka, hana pa kwenda. Kushoto kuna ukingo wa barabara au watembea kwa miguu, kulia kuna pikipiki nyingine, na nyuma kuna gari. Sukani mbili zikinasana, wote wawili huanguka pamoja, nao abiria huanguka nao.

Mpangilio wa kupishana hutatua sehemu kubwa ya tatizo hilo, kwa kuwa kila dereva hubaki na upana wote wa njia wa kukwepea. Hata hivyo mpangilio huo nao una mahali pake. Kwenye kona, kwenye daraja jembamba, na kwenye barabara ya vumbi, salama zaidi ni kurudi kwenye mstari mmoja na kuongeza umbali wa sekunde mbili au zaidi kutoka kwa aliye mbele.

Kuvuka mpaka

Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa mpakani. Katika miaka ya 1960, upande wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, waendesha baiskeli walibeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na jina hilo likaenea hadi kwenye pikipiki. Kati ya nchi hizo mbili dereva hahitaji kubadili upande, kwa kuwa zote huendesha kushoto, kama zifanyavyo Tanzania, Zambia, Malawi, Msumbiji na Afrika Kusini.

Mambo hubadilika kuelekea magharibi. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilizowahi kutawaliwa na Ubelgiji, huendesha kulia. Anayetoka Tanzania kuingia Rwanda kupitia Rusumo hubadili upande hapo mpakani. Mazoea ya kwenda sambamba huwa hatari maradufu mahali kama hapo. Aliyezoea kushoto anayejivuta kumpisha mwenzake huvutwa na mazoea hadi upande usiostahili, uso kwa uso na magari yanayokuja. Kilomita za kwanza baada ya mpaka zinafaa kuendeshwa kwa mstari mmoja, na anayeijua nchi ndiye atangulie.

Lipo pia suala la bima. Bima ya lazima ya nchi moja kwa kawaida haimlindi mtu aliyeumizwa katika nchi nyingine. Kwa sababu hiyo nchi za ukanda huu zilianzisha kadi ya manjano ya COMESA, inayowezesha bima ya chombo cha moto kutambuliwa kwa madhara yanayowapata watu wengine katika nchi zinazoshiriki. Tanzania, ingawa si mwanachama wa COMESA, inashiriki katika mpango huo. Mwendesha pikipiki anayekusudia kuvuka mpaka anapaswa kumuuliza wakala wake wa bima kuhusu kadi hiyo kabla ya kuanza safari, wala asingoje kuuliza akiwa kituo cha polisi.

Lililo salama popote

Kwa kuwa sheria zinatofautiana, dereva asiye na uhakika anaweza kushika kanuni moja ambayo haimtii hatiani katika nchi yoyote iliyotajwa hapa: aende kwa mstari mmoja, apite peke yake, na kila anapotaka kulipita gari ahakikishe kwa macho yake mwenyewe kwamba njia ni nyeupe. Kama kuna neno la kumwambia mwenzake, wasimame kando, pale ambapo kusimama kunaruhusiwa. Kofia ngumu iliyofungwa vyema ni wajibu mwingine usiopaswa kubishaniwa. Mapitio ya tafiti nyingi yamekadiria kwamba hupunguza uwezekano wa kifo kwa asilimia 42 na wa majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali.

Abiria naye si mzigo. Ndiye anayelipa, na mara nyingi ndiye asiye na la kushika pikipiki zinapogusana. Anayo haki ya kukataa kupanda iwapo hakupewa kofia, na anayo haki ya kusema wakiwa safarini. Dereva anapoanza kumsogelea mwenzake ili wazungumze, inatosha kumgusa bega na kumwambia kwa adabu: “Kaka, mwache atangulie, mtaongea mkifika.” Hakuna dereva mwenye busara atakayelichukia neno hilo, na hakuna nchi jirani ambayo sheria yake inalipinga.